Poza hewa kwanza, dizeli baadaye: kupima joto la hewa ya turbo kwenye semi iliyoongezwa nguvu

Madereva wengi wanaoingia gereji kwetu hapa Nyakato, Mwanza, wana ombi moja: "Fundi, nifungulie pampu." Semi inabeba pamba au mashudu kwenda Dar, na mwenye gari anataka ipande mlima wa Sekenke bila kuangusha gia mpaka chini kabisa. Pampu inafunguka, yaani inarekebishwa ipeleke dizeli zaidi kwenye injini. Kwenye lori za kompyuta, programu inabadilishwa na mtu mwenye leptopu. Lakini mimi siongezi hata tone la dizeli kabla sijajua hewa inayoingia kwenye injini ina joto kiasi gani. Nataka dereva na mwenye lori wajue kupima wenyewe, kwa sababu vifaa vyake si ghali, na injini iliyotoboka pistoni inaweza kummaliza mtu mtaji.

Turbo ina kazi moja: kuchukua hewa ya nje na kuishindilia kwenye injini. Hewa ikishindiliwa inapata moto. Aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi mdomo wa pampu unavyounguza vidole. Kwenye lori, hewa ya nje yenye nyuzi joto 30 (Selsiasi) ikishindiliwa mpaka geji ya upepo, inayopima msukumo wa hewa ya turbo, isome PSI 30, inatoka kwenye turbo nzima ikiwa na nyuzi kama 200. Turbo iliyochoka, au inayolazimishwa kupita uwezo wake, inaitoa hewa hiyohiyo ikiwa karibu na nyuzi 240, na geji ya upepo itaendelea kukuonyesha 30 ileile.

Ndiyo maana siiamini geji ya upepo peke yake. Inapima msukumo, haipimi wingi wa hewa. Hewa ya moto imetanuka. Kwa msukumo uleule, hewa ya nyuzi 80 kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 8 ukilinganisha na hewa ya nyuzi 50. Dizeli uliyoongeza inakosa hewa ya kuungua nayo, unaona moshi mweusi nyuma, na joto linaishia kwenye pistoni, vali na turbo yenyewe.

Halafu kuna mwinuko, jambo ambalo sisi wa huku hatuwezi kulikwepa. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari. Kule Dar, hewa ya kawaida ina msukumo wa PSI 14.7, hapa Mwanza haifiki 13. Geji ya upepo huanza kuhesabu kutoka hapo ulipo. Kwa hiyo ukisoma 30 ukiwa Kurasini, Dar, turbo imeizidisha hewa mara tatu na kidogo. Ukisoma 30 ukiwa Usagara, huku kwetu, imeizidisha mara tatu na theluthi. Ili kufika huko inazunguka kwa kasi zaidi, na hewa inatoka na moto zaidi, kama nyuzi 15 za ziada, hata kama hali ya hewa ya nje ni sawa. Singida, yenye mita zipatazo 1,500, tofauti inakuwa kubwa zaidi. Mtu aliyetengeneza gari lake Dar likamridhisha, akija nalo huku na mipangilio ileile, turbo inafanya kazi ambayo hakuipangia.

Vipimo vitatu, na mahali pa kuviweka

Unahitaji namba tatu za joto: hewa ya nje, hewa inapotoka kwenye turbo, na hewa inapoingia kwenye manifoldi baada ya intakula, yaani kipoza hewa kinachokaa kati ya turbo na injini. Ongeza ya nne, joto la moshi kabla ya turbo, kama gari limeshafunguliwa pampu. Bila hiyo ya nne gari lililoongezwa nguvu linaendeshwa gizani.

Nunua waya za kupimia joto za aina ya K pamoja na kioo cha namba chenye njia zaidi ya moja. Waya hizo zinavumilia hata joto la moshi, kwa hiyo aina moja inatosha kote. Ya nje ifungwe mbele ya gridi, mbali na injini, kivulini. Ya pili iwe kwenye bomba la alumini linalotoka turbo. Ya tatu kwenye kiwiko cha manifoldi. Kwa hizi mbili, vua bomba lote, litoe nje, litoboe juu ya meza, chomelea nati ya alumini kwa agoni, kisha uoshe ndani mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Usitoboe bomba likiwa kwenye gari. Chembe moja ya chuma ikinyonywa inakwangua silinda.

Ya moshi inakaa kwenye manifoldi ya eksozi, mahali mikondo ya silinda kadhaa inapokutana, kabla ya turbo. Njia salama ni kuivua turbo, kutoboa, na kuondoa vumbi la chuma kwa sumaku kabla ya kurudisha. Ukiiweka baada ya turbo utasoma namba ya chini kwa nyuzi 100 na zaidi, ukajidanganya kwamba mambo ni mazuri.

Lori za kompyuta zina sensa ya joto kwenye manifoldi tayari. Mashine ya kusomea inakupa namba hiyo pamoja na msukumo wa upepo, kwa hiyo hapo waya ya manifoldi huihitaji.

Wengine hutumia bunduki ya kupimia joto kwa mwanga. Ni nzuri kwa haraka, ila alumini inayong'aa huipotosha, inasoma chini mno. Bandika kipande cha utepe wa gundi mweusi usiong'aa kwenye bomba, au paka rangi nyeusi ya kuvumilia moto, upime hapo. Kumbuka pia kwamba unapima ukuta wa bomba. Hewa ya ndani ina moto zaidi.

Kupima kwenyewe kufanyike gari likiwa na mzigo. Semi tupu haitakuambia kitu, na kukanyaga mafuta ukiwa umesimama uwanjani hakukuambii kitu pia. Tafuta mlima utakaokuweka mguu chini dakika mbili tatu mfululizo. Utingo ndiye aandike namba. Dereva macho barabarani. Kwa wanaokwenda Dar, mahali penyewe ni Sekenke: unatoka bonde la Wembere lenye joto, upepo wa kutoka mbele unapungua kwa sababu umepunguza mwendo, na injini inavuta kwa nguvu zake zote. Intakula mbovu haiwezi kujificha pale.

Kusoma namba

Intakula nzima kwenye lori linalopanda na mzigo inatakiwa kuileta hewa ya manifoldi nyuzi 15 mpaka 30 juu ya hewa ya nje. Nje ikiwa 30, mimi naridhika nikiona 45 hadi 60. Ikivuka 70 naanza kutafuta ugonjwa. Ikifika 90, gari la kompyuta litajipunguzia nguvu lenyewe, na la pampu ya zamani litaendelea kukubali mpaka kitu kivunjike.

Hewa ya baada ya turbo ikiwa ya kawaida lakini ya manifoldi iko juu, tatizo ni intakula au feni. Zote mbili zikiwa juu, turbo inateseka: filta imeziba, kuna uvujaji unaoilazimisha kuzunguka kupita kiasi, au ni ndogo kwa dizeli uliyoongeza. Manifoldi ikiwa baridi, upepo mdogo na moshi mweusi mwingi, tafuta mpira uliopasuka.

Mzee mmoja anayevuta mashudu kutoka Shinyanga alikuja akiwa ameshaamua.

"Mwanangu, turbo imekufa. Nitafutie nyingine, kubwa zaidi ya hii."

"Shikamoo mzee. Turbo tutaiangalia, ila naomba tupime kwanza."

"Marahaba. Pima, lakini kesho kutwa nina mzigo."

Gari lilikuwa limefunguliwa pampu mahali pengine. Tulilifunga waya, akaenda nalo na mzigo. Mlimani nje ilisoma 31, baada ya turbo 226, manifoldi 97, moshi 735. Geji ya upepo ilikuwa inamwonyesha 30 safi kabisa, ndiyo maana hakuelewa kwa nini gari halipandi. Turbo ilikuwa nzima. Tulichokuta mbele ya rejeta ndicho kilichobadilisha kila kitu, na ndicho ninachokikuta kwenye magari mengi ya ukanda huu.

Intakula: nyuzi za pamba na wadudu wa ziwani

Intakula imekaa mbele, rejeta nyuma yake. Ukisimama mbele ya gari na kutazama kwenye gridi, mapezi ya intakula yanaonekana masafi. Uchafu uko katikati ya hizo mbili, mahali ambapo jicho halifiki na maji ya kuoshea gari hayafiki.

Huku kwetu uchafu huo una sehemu mbili. Ya kwanza ni nyuzi za pamba. Msimu ukifunguliwa, magari yanashinda kwenye viwanja vya vinu vya kuchambulia, na zile nyuzi nyepesi zinanyonywa na feni mpaka ndani. Ya pili ni wadudu wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kwa wingi kama moshi, hasa mwezi unapoandama, na kuvamia kila taa iliyowashwa ufukweni. Gari likilala na taa Kirumba au likipita kwenye wingu lao usiku, wanajaa kwenye gridi. Mdudu peke yake angekauka akapukutika. Akikuta mafuta yaliyovuja kidogo kwenye klipu ya bomba, ananasa, pamba inashikamana naye, na vumbi la mbuga linamalizia. Kwenye gari la yule mzee tabaka lilikuwa na unene wa kidole, limeshikana kiasi kwamba lilivuliwa kwa mkono likatoka kipande kimoja.

Namna ya kusafisha: fungua bolti za intakula na uitoe, au angalau isogeze mbele ili mkono upite. Toa takataka kavu kwa brashi laini, ukifuata mapezi yanavyokwenda, usiyakate. Mwaga maji ya sabuni, acha yalowe, kisha suuza kutoka nyuma kwenda mbele, kinyume na hewa inavyopita. Tumia maji ya mpira wa kawaida. Mashine ya kuoshea yenye nguvu inalaza mapezi, na mapezi yaliyolala hayapitishi hewa tena. Yaliyolala tayari yanyooshe taratibu kwa kisu butu. Ni kazi ya kuchosha mgongo, na inalipa kuliko turbo mpya.

Ndani pia pana uchafu. Turbo ikianza kupitisha oili, inaganda kwenye kuta za intakula na kuzuia joto kutoka. Mimina kiosheo cha grisi, tikisa, mwaga, rudia mpaka kitoke safi, suuza, kisha ikauke kabisa. Hapa sitaki mtu afanye haraka: intakula iliyorudishwa ikiwa na kiosheo au oili ndani inaweza kuilisha injini ya dizeli, ikapanda mizunguko yenyewe na isizimike hata ukifunga ufunguo. Iache juani mchana kutwa, huku ikiwa imesimama na mdomo chini.

Baada ya kusafisha, tazama kinachozuia hewa kwa mbele. Bango la jina la gari, taa za ziada, bomba nene la ngao, turubai la mapambo: kila kimoja kinaiba upepo wa intakula. Napenda lori lililopambwa kama mtu mwingine yeyote wa huku, lakini bango lihamie juu ya kioo. Angalia na kava ya feni isiwe imevunjika, na klachi ya feni ikamate injini inapochemka.

Kupima uvujaji

Uvujaji mdogo hausikiki kwa sababu injini inauzidi kelele. Kitengeneze kifaa mwenyewe: vizibo viwili vya chuma vya kipenyo cha mabomba ya intakula, kimoja kiwe na vali ya tairi na geji. Funga vizibo kwa klipu imara na, nasisitiza, vifunge na mnyororo kwenye fremu. Kizibo kikichomoka na upepo wa PSI 30 kinaweza kumtoa mtu jicho au kumuua, kwa hiyo hakuna kusimama mbele yake.

Jaza mpaka PSI 30, funga upepo, angalia geji. Katika sekunde 15 isishuke zaidi ya PSI 5. Ikishuka zaidi, paka maji ya sabuni kwenye maungio yote na hasa pale mirija inapoungana na matangi ya pembeni. Nyufa huanzia hapo kwa mtikisiko wa barabara. Ufa wa hapo unachomelewa na mtu anayeijua alumini, na kipimo kirudiwe.

Mipira nayo ina daraja zake. Silikoni ya kawaida inavumilia nyuzi kama 177. Ukirudi kwenye namba za juu utaona kwamba hewa inayotoka turbo imeshapita hapo. Upande wa moto unataka mpira uliotengenezwa kwa ajili hiyo, unaofika nyuzi 260, na klipu za bolti zenye springi, ambazo zinabana sawasawa bomba likitanuka na kusinyaa. Upande wa baridi silikoni ya kawaida inatosha.

Pima pia upotevu wa msukumo: geji moja kabla ya intakula, moja baada, gari likiwa na mzigo. Tofauti ya PSI 2 ni ya kawaida. Ikizidi 3, intakula imeziba ndani au ni ndogo. Wanaonunua intakula kubwa ya mtumba wafanye kipimo hiki kabla ya kusifia, maana ukubwa wa nje hausemi njia za ndani zikoje.

Mdomo wa filta

Nimeona magari yaliyong'olewa bomba la kunyonyea hewa la juu ya kichwa, filta ikafungwa karibu na injini ili turbo isikike. Sauti inapendeza kweli. Lakini hewa ya pale ina nyuzi 55 wakati nje ni 30, na turbo huizidisha tofauti hiyo: kila nyuzi 10 unazoongeza mdomoni, zinatoka kama 16 upande wa pili. Rudisha bomba, na ziba matundu yote kati ya filta na turbo, kwani tundu dogo hapo linaingiza vumbi moja kwa moja.

Filta ya karatasi isipulizwe na upepo wa kompresa kila wiki. Karatasi inatoboka vitundu usivyoviona, na vumbi linakula ncha za feni ya turbo mpaka ziwe butu. Ingiza tochi ndani ya filta ukiwa gizani. Ukiona nukta ya mwanga, itupe. Kama una geji ya mvuto wa filta, badilisha ikifika inchi 25 za maji. Filta iliyoziba kiasi hicho peke yake inaongeza zaidi ya nyuzi 10 kwenye hewa inayotoka turbo.

Turbo na dizeli

Turbo yenyewe haichukui muda. Injini ikiwa baridi, vua bomba la hewa, shika shafti kwa vidole. Kucheza kidogo sana juu na chini ni kawaida kwa sababu beringi zinaelea kwenye oili. Kusogea mbele na nyuma kunakohisika kwa vidole, au alama za feni kugusa nyumba yake, ni turbo ya kufunguliwa. Westigeti, ile vali inayopunguza moshi unaozungusha turbo ili isizidi kasi, isizibwe kwa bolti, wala mpira wake mdogo usipigwe kizibo, kama wanavyofanya wengine ili geji ya upepo ipande. Kwa mwinuko wetu huko ni kuipeleka turbo kwenye kasi ambayo haikutengenezewa, na upepo unaoongezeka unakuja na joto tu.

Kwa yule mzee, baada ya kusafisha intakula, kubadilisha mpira mmoja wa upande wa moto na kuweka filta mpya, mlima uleule ulisoma 204 baada ya turbo, 62 kwenye manifoldi, na moshi 640. Dizeli hatukugusa. Turbo ni ileile.

Sasa hapo ndipo mtu anaweza kuongea habari za pampu. Ongeza kidogo, panda mlima na mzigo, soma joto la moshi. Mimi nashikilia nyuzi 650 kwa mvuto mrefu, na 700 kwa sekunde chache tu. Likipita hapo, punguza dizeli, hata kama dereva analalamika. Moshi ubaki kivuli chepesi wakati wa kubadilisha gia. Ukiona dizeli zaidi haileti mwendo zaidi na hewa baada ya turbo inakimbilia nyuzi 230, turbo imefika mwisho wake na ndipo kubwa zaidi inapohitajika, iliyochaguliwa kwa ukubwa wa injini yako na mizunguko unayoendeshea. Turbo kubwa mno itachelewa kuamka ukitoka kwenye mizani ya magari, na sekunde hizo zote injini inaunguza dizeli bila hewa.

Andika namba zako tatu za mlimani kwenye karatasi, zibandike ndani ya mlango wa dereva pamoja na hali ya hewa ya siku hiyo, ili dereva wa zamu naye ajue gari likiwa zima linasoma ngapi. Msimu wa pamba zilinganishe kila safari. Tofauti kati ya nje na manifoldi ikiongezeka kwa nyuzi 10, leta brashi na ndoo ya sabuni kabla hujamtafuta muuza turbo.